Besi ya Mama na Vanishi ya Askofu

Kelele niliyopiga juzi mjini Kisii ilisikika mpaka Keroka, na kama upepo ungekuwa wa kusaidia, watu wa Nakuru wangefungua madirisha kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimeingia duka la vyombo vya muziki na binti yangu, tununue nyuzi mpya za gitaa la besi. Kijana wa duka, mwenye tabasamu la kuuza hata asichonacho, alilitoa gitaa kwenye mfuko wake wa kubebea, akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole gumba shingoni mwake.

"Mathe, hii shingo imekauka mbaya," akasema. "Mti uko uchi kabisa. Tuachie mpaka kesho, tuipige vanishi kidogo, itang'aa kama ile." Akanionyesha gitaa jipya ukutani, shingo yake ya manjano imepakwa ikapakika, inawaka utadhani ina taa ndani. Na kule nyuma mwenzake alikuwa ameshafungua mkebe.

Harufu ikanifikia. Hapo ndipo nilipopiga ile kelele. "Usiliguse!"

Kijana alirudi nyuma akagonga ngoma, ngoma ikaangukia kayamba, na duka zima likapiga wimbo mmoja ambao haukuwa na jina. Binti yangu alitazama sakafu akitamani kuzaliwa na mtu mwingine. Lakini wewe wa rika langu, wewe uliyepakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi ya kanisani mpaka nzi akitua shavuni anateleza, wewe nikikueleza utanielewa.

Harufu ya vanishi haiji puani mwangu peke yake. Inakuja na watu. Ikipanda tu, niko nyumbani kwetu karibu na Ekerenyo, meno ya mbele yameng'oka, na magokoro wangu, bibi mzaa baba, ameketi uani na kitambaa cheupe cha Sabato kichwani, anakataa katakata kufanya kazi.

Mama yangu alikuwa mpigaji besi. Wanawake wengine waliolewa wakaja na masufuria na mashuka. Yeye alikuja kutoka Birongo na gitaa la besi mgongoni, refu kuliko yeye, na walioliona kwa mbali walidhani bibi harusi amebeba jembe la trekta. Lilikuwa la baba yake. Mzee yule alilipiga katika bendi ya harusi miaka na miaka, mpaka vidole vyake vikagoma, kisha akampa binti aliyekuwa akimtazama mkono kuliko wanawe wote. Alipofika kwetu, mama akaliingiza katika kwaya ya kanisa la Katoliki. Baba hakuwa na neno. Alikuwa akifanya kazi mashamba ya chai Kericho na alirudi mwisho wa mwezi akiimba hizo nyimbo kuliko kwaya yenyewe.

Mwenye neno alikuwa magokoro. Yeye alikuwa Msabato wa kuanzia unyayo hadi utosi, kwa hiyo nyumba yetu ilipumzika Jumamosi na Jumapili pia, na bado watu walichoka. Hawakugombana na mama, la. Walipikiana, walifichiana siri, walichuma chai safu moja. Lakini gitaa, kwa magokoro, lilikuwa kitu cha baa. Akifagia sebuleni alilisogeza kwa mpini wa ufagio, kama mtu anayeondoa nyoka asiyejua kama amekufa au amelala.

Nami nililionea aibu, ila kwa sababu nyingine. Nililionea aibu kwa sababu lilikuwa limepauka.

Ngoja nikueleze gitaa linavyojengwa, ukiwa hujui. Mbele ya shingo kuna ubao mwembamba ambao vidole hutembea juu yake, na juu ya ubao huo vyuma vyembamba vimelala kimojakimoja kama vizingiti vya milango. Kuna mbao zinazopakwa vanishi kiwandani mpaka ziwe kama kioo, na kuna mbao zinazoachwa mti mtupu. Ubao wa mama ulikuwa mti mtupu, wa kahawia iliyokaribia weusi, mkavu, umepauka kingoni kama magoti ya mtoto wa mama mvivu. Na kati ya vyuma vile kulikuwa na vijishimo. Mimi niliamua kwamba panya walikuwa wakilamba pale usiku.

Sasa tazama gitaa la Momanyi, kijana aliyepiga gitaa dogo katika kwaya hiyohiyo. Ubao wake ulikuwa wa manjano, umepakwa vanishi, unang'aa kama andazi lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Momanyi akitoka jasho, jasho lilikaa juu ya ubao ule kama umande juu ya jani la nduma. Akipitisha kitambaa, limekwisha. Jasho la mama liliingia ndani ya ubao na halikurudi tena. Kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi: kina Momanyi wana mafuta ya kupaka gitaa lao, sisi hatuna. Tulikuwa tukipakwa watoto wote wa Ekerenyo, hata yatima, lakini gitaa letu lilikwenda mbele ya Mungu na magoti meupe. Kwa hiyo jioni, rozari ikiisha, niliongeza kaombi kangu kimoyomoyo: Ee Mungu, lipake mafuta gitaa la mama.

Usicheke. Mungu alisikia.

Habari zilikuja kwamba askofu atatutembelea Jumapili. Unajua mgeni mkubwa akija kwetu nchi inavyougua ugonjwa wa rangi. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Vigogo vya miti vilipakwa chokaa. Kuku mweupe wa katekista alipita mara moja mbele ya wapakaji na mpaka leo hakuna mwenye hakika kwamba alizaliwa mweupe. Ndani ya kanisa kazi ilikuwa ya fundi Makori, seremala, mtu mwema wa mikono mikubwa, ambaye mwenyekiti wa kwaya alimwambia, mbele yetu sote, "Makori, chochote cha mti kilichomo humu, king'ae. Askofu ajione ndani yake."

Makori alikuwa mtiifu. Alipaka viti, akapaka mimbari, akapaka sanduku la sadaka na mlango na fremu za picha za njia ya msalaba. Ijumaa ile, mama aliacha besi kanisani baada ya mazoezi kwa sababu mvua ilikuwa ikimwagika kwa ndoo. Lilisimama nyuma ya altare, limeegemea ukuta. Lilikuwa la mti. Lilikuwamo humu.

Jumamosi asubuhi tulirudi kwa mazoezi ya mwisho, nami nikaingia mbele ya mama nikikimbia. Nililiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ubao ulikuwa unawaka! Mwanga wa dirishani ulilala juu yake kama maziwa. Moyo wangu uliruka mpaka ukagonga paa.

"Limepona!" nikapiga kelele. "Mama, gitaa limepona!"

Mama alilishika shingo. Kisha akajaribu kuliachia, likakataa. Vidole vyake vilitoka pale na sauti ya mtu anayebandua plasta. Alichomeka waya kwenye spika, akagusa uzi mnene, na badala ya ile sauti yake iliyokuwa ikitukuna tumboni, spika ilitoa kitu kama gunia la mahindi lililoangushwa kutoka darini. Pum. Basi. Makori alikuwa amepaka vanishi ya milango, nene kama uji wa mgonjwa, juu ya ubao na juu ya vyuma, chini ya nyuzi na juu ya nyuzi. Na kwa mvua zile za kwetu ilikuwa haijakauka, ingekauka Krismasi.

"Dada, nilikufanyia kama zawadi," Makori akasema, mkebe bado mkononi. "Nikaona limekauka. Nikasema, huyu mama ana kazi nyingi, wacha nimsaidie. Hata sijakuambia, nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka, Makori," mama akasema.

"Lakini la Momanyi si lina vanishi na linalia?"

Momanyi akapaza lake juu. "Hili langu lilizaliwa na nguo, fundi. Nyepesi, ngumu kama ukucha. La shemeji lilizaliwa uchi, likakulia uchi, likazeekea uchi. Sasa wewe umelivika koti la mvua."

Watu walicheka, mama pia akacheka kidogo, lakini mwenyekiti hakucheka. Huyu alikuwa mtu wa kuvaa tai hata akichuma chai. Alikuwa amenunuliwa, samahani, alikuwa amenunulia kanisa kinanda kwa jasho la kuomba michango, na tangu siku hiyo alikitazama kama mzaliwa wake wa kwanza.

"Mama Kerubo," akasema, na Kerubo ni mimi, "nisikilize bila kukasirika. Kinanda kina besi yake ndani. Mkono wa kushoto tu, imetoka. Kesho likilia vizuri, sawa. Lakini nikisikia limekohoa mbele ya askofu, siku hiyo iwe ya mwisho. Libaki nyumbani."

Mama alilifunga besi kwenye leso, akaliweka mgongoni, tukatoka. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea kama mtu mfupi.

Nami, njia nzima, nilikuwa nikifikiri kwa bidii kubwa kuliko niliyotumia baadaye shule ya jioni, nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na watoto nyumbani na usingizi wa ukoo mzima machoni. Mungu alikuwa amejibu ombi langu, hilo halikuwa na shaka. Ila alijibu kama Makori. Ilionekana hata mbinguni wana mkebe mmoja tu.

Uani mama alizitoa nyuzi, akachukua wembe, akaanza kukwangua. Chombo kile kilipiga kelele kama paka anayeteremka bati. Vanishi ilitoka vipandevipande, vingine vikajiviringisha, vingine vikajificha kando ya vyuma. Na wakati huo ndipo magokoro alipoingia kutoka kanisani kwao, Biblia kwapani, kitambaa cheupe kichwani, amani usoni.

Lazima ujue jambo moja juu ya mikono ya magokoro. Alizaliwa Tabaka, kwenye mawe ya sabuni. Kabla ya kuolewa alilainisha vinyago tangu akiwa mdogo kuliko mimi: wanaume walichonga, wasichana wakakaa na karai la maji na msasa, wakasugua kiboko wa jiwe mpaka akawa laini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mikono yake ilisugua mawe mpaka mawe nayo yakaisugua. Alama za vidole zilikuwa zimefutika kabisa. Siku ya kuchukua kitambulisho karani alimgandamiza kidole wee, akakata tamaa, akamuuliza kama alikuja na vingine.

Mtu mwenye mikono hiyo akaketi kwenye kigoda chake, akasikia wembe ule.

"Sabato hii," akasema.

"Najua, mama. Wewe pumzika. Kwangu ni Jumamosi tu," mama akajibu bila kuinua kichwa, akamweleza yote: Makori, mkebe, mwenyekiti, kinanda.

"Mimi sifanyi kazi."

"Sijakuambia ufanye."

"Ninatazama tu. Kutazama si kazi."

Akatazama. Mama akakwangua. Sura ya magokoro ilianza kuumia, kama mtu anayemwona mwingine akikata nyama kinyume.

"Unakwangua kwa kwenda na kurudi," akasema. "Enda upande mmoja. Kusema si kazi."

Mama akaenda upande mmoja.

"Laza wembe. Laza! Huo ni ubao, si kidevu cha mwizi." Kigoda kikasogea karibu. "Kerubo, nenda chini ya kitanda changu, kuna mfuko wa msasa. Kutuma mtoto si kazi. Watoto hutumwa hata mbinguni."

Nilikimbia nikapepea. Nilikuta karatasi za msasa zimekunjwa kwa mpangilio wake, za kukwaruza mbele na za ulaini nyuma, zilizokuwa zimemngoja tangu Tabaka. Niliporudi wembe ulikuwa umeteleza. Kidole gumba cha mama kilikuwa kinatoa damu, tone limeangukia ubao, na mama ameketi tu anakitazama, machozi yamejaa na hayajaamua.

"Wamenishinda, mama," akasema. "Wacha libaki nyumbani."

Magokoro aliinuka. Aliweka Biblia juu ya kigoda, akafungua kitambaa cheupe cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya Biblia. Nilikuwa sijawahi kumwona kichwa wazi siku ya Sabato.

"Bwana aliuliza," akasema, "ni nani kati yenu ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa mara moja?"

"Mama, hili ni gitaa."

"Limo kisimani au halimo?"

"Limo."

"Basi sogea. Kerubo, karai la maji!"

Mama akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Maji hapana! Jiwe likinywa maji linatulia, mama. Mti ukinywa maji unavimba!"

"Msasa bila maji unakwaruza."

"Ubao bila maji unapona."

Walitazamana. Wanawake wawili, mmoja na damu kidoleni, mmoja na karatasi ya msasa, na kati yao gitaa ambalo kwa miaka lilisogezwa kwa mpini wa ufagio. Kisha magokoro, ambaye hakuwahi kushindwa mjadala hata na mchungaji, akasema, "Haya. Mti ni wako. Mkono ni wangu," akaketi chini, akapakata besi.

Lo! Ningekuwa na maneno! Mama alitangulia na wembe, akiulaza sasa, akitoa vanishi kando ya kila chuma; magokoro akafuata na msasa mkavu, kwanza ule mkali kidogo, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi, macho amefumba, akisoma ubao kwa ncha za vidole. Mimi nilipuliza vumbi. Nilipuliza kwa moyo wote mpaka nikaona nyota mchana. Kila chuma kilipotokea kilimeta, na kati ya chuma na chuma mti wa zamani ulichungulia, mkavu, wa kahawia, kama mtu anayeamka.

Ndipo tukasikia kikohozi njiani. Mzee wa kanisa la magokoro alikuwa akikata kona ya ua wetu, kofia mkononi, akitembelea wagonjwa kama ilivyo desturi ya alasiri ya Sabato. Mama alinasa leso akaitupa juu ya gitaa mapajani mwa magokoro. Msasa ukaingia chini ya sketi. Kitambaa cheupe kikarudi kichwani kwa kasi ya umeme, mbele nyuma.

"Sabato njema," mzee akasema.

"Sabato njema, mzee."

Alitazama mapaja ya magokoro, akaona kitu kimefunikwa, kimelala. Sauti yake ikashuka. "Kuna mgonjwa hapa?"

Nilimtazama magokoro. Hakuwahi kusema uongo, na hakika asingeanzia Sabato. Akapumua.

"Ni wa mokamwana wangu," akasema, yaani mke wa mwanawe. "Amepakwa dawa isiyomfaa. Tunamfuta."

"Aa, hizi dawa za watu! Alipakwa na nani?"

"Na Makori."

"Makori seremala?"

"Huyo."

Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu wa dunia ya sasa. Kisha akaona mwisho wa leso, ambako shingo ilisukuma kitambaa mbali kabisa. "Ana miguu mirefu huyu."

"Kwao ni Birongo," magokoro akajibu.

Mama aligeuka akashika ukuta wa nyumba kwa mikono yote, mabega yanatetemeka, na mzee akadhani analia. Akaomba. Naapa, alifumba macho akanyoosha mkono juu ya leso, akamwombea yule mgonjwa apate nguvu katika mifupa yake, na ngozi yake irudi kama ya mwanzo, na sauti yake isikike tena katika kusanyiko la watakatifu. Magokoro aliitikia "Amina" kwa sauti kuu kuliko yangu na ya mama, na alimaanisha.

Mzee alipopotelea bondeni tulicheka mpaka mbwa akaondoka. Nilimwona mama amelaza kichwa begani mwa magokoro. Sikuwahi kuwaona hivyo.

Wakarudi kazini. Walikuwa wamefika katikati ya shingo magokoro aliposimamisha mkono.

"Hapa pameliwa," akasema, macho bado amefumba. "Na hapa. Na hapa. Panya?"

"Nilijua!" nikasema.

"Usijali, nitapasawazisha," akasema, akachukua tena msasa mkali, akabonyeza, akasugua kwa nguvu, mara moja, mara nyingine. Kazi yake yote ya ujana ilikuwa hiyo: kuondoa kila shimo, kila alama, mpaka jiwe lisahau kama liligongwa.

"Mama, acha!" Mama alimshika mkono kwa nguvu. "Hapo si panya. Ni tata."

Magokoro akafumbua macho.

"Ni vidole vya baba yangu," mama akasema taratibu. "Mti ukiwa mtupu, vidole vinaulainisha, vinaula kidogokidogo. Kila shimo ni wimbo aliokuwa akiurudia. Mimi ninapopiga, ninaweka vidole alipoweka yeye. Ndiyo maana sikuwahi kuupaka kitu."

Magokoro alitia ncha ya kidole chake katika kijishimo kimoja, kidole kile kisicho na alama, akakiacha mle. Akakihamisha cha pili. Akaenda hivyo shingo nzima, mti mtupu ukimwambia habari za mtu ambaye hakuwahi kukutana naye. Alikuwa amelainisha maelfu ya viboko wa jiwe, na wote wakaondoka bila kubaki na alama yake hata moja.

"Basi," akasema mwishowe, sauti imepungua. "Nguo tutamvua. Mwili tutamwachia."

Akachukua msasa mlaini kuliko yote, akamalizia kama anayempangusa mtoto usingizini. Jua lilipogusa vilele vya migomba, mama aliweka nyuzi zile za zamani alizozifuta kwa mafuta ya taa, akakaza, akapiga uzi mnene bila spika, ubavu wa gitaa umegusa tumbo langu. Nikasikia ukinikuna. Lilikuwa limerudi!

Jumapili, mpendwa, askofu alikuja akakalia kiti kilichong'aa, na walipotaka asimame kiti kilitaka kwenda naye, maana Makori hakuwa amekipaka tofauti na vingine. Lakini nani alijali? Wakati wa matoleo, akina mama walipopanda na ndizi na majani ya chai na kuku yule mweupe, mwenyekiti alimwashiria mama kwa kidevu, uso umekaza kama mtu anayengoja sindano. Mama akafumba macho. Vidole vikatafuta nyumba zao gizani, vikazikuta.

Besi ile ililia! Ilianza chini kama ng'ombe anayeita ndama, ikapanda, madirisha yakacheza, chokaa ikaanguka kwenye vigogo nje, na kiatu cha askofu, nilikiona mimi kwa macho yangu kutoka mstari wa watoto, kikaanza kupiga sakafu. Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa ameondoa mkono wa kushoto kwenye kinanda kabisa, ameuweka mfukoni, anacheza bega moja, tai imeruka nyuma ya shingo.

Ndipo nikageuka mlangoni nikaona kitambaa, safari hii cha rangi ya kila siku, kinachungulia nje ya uzio. Magokoro hakuingia, kuingia kungekuwa kesi nyingine. Alisimama kwenye matope na jembe begani, kana kwamba anapita tu kwenda shambani, ingawa shamba letu lilikuwa upande mwingine kabisa wa kilima.

Ibada ilipokwisha mama alitoka moja kwa moja mpaka pale, akapitisha gitaa juu ya uzio, magokoro akalipokea. Kwa mikono yote miwili. Akapitisha kidole juu ya ubao.

"Sikusikia mahubiri hata neno," akasema. "Nilikuwa nasikiliza kazi yangu."

Na Sabato iliyofuata, kwenye mlango wa kanisa lao, nilikuwapo mzee alipomuuliza yule mgonjwa wa miguu mirefu anaendeleaje. Magokoro akamtazama usoni bila kupepesa. "Alipona siku hiyohiyo, mzee. Jumapili aliimba mbele ya askofu." Mzee alisimulia muujiza huo mpaka Nyaramba.

Magokoro alitutoka nikiwa msichana mkubwa. Mama yupo, anacheka kuliko sisi sote, ila vidole vyake navyo vimegoma sasa kama vya baba yake, na mwaka huu alimpa binti yangu besi.

Ndiyo hiyo iliyokuwa mezani pale dukani. Nilimwomba kijana msamaha kwa ngoma na kayamba, nikamwambia vanishi yake ni nzuri, ya shingo ya manjano ukutani, na sisi atuuzie nyuzi tu. Alizivalisha. Binti yangu, aibu ikiwa imemwisha, alilipakata akatembeza vidole polepole kutoka juu kwenda chini, akivitia katika kijishimo kimoja baada ya kingine, bila mtu kumwonyesha. Katikati ya shingo akasimama.

"Mama, hapa kuna nini? Kwingine kote kuna shimo. Hapa ni sawa kabisa. Panateleza kama jiwe."

"Hapo," nikamwambia, "ni magokoro."